Ipi hasa ni kadi halisi ya chipukizi katika besiboli?

AGOSTI 2022, kipande cha karatasi ngumu kinachoenea katika kiganja cha mkono kiliuzwa mnadani nchini Marekani kwa dola milioni 12.6. Kilikuwa kadi yenye picha ya Mickey Mantle, nyota wa zamani wa timu ya New York Yankees, iliyochapishwa na kampuni ya Topps mwaka 1952. Hakuna kadi ya mchezo wowote iliyokuwa imewahi kufikia bei hiyo.

Wengi waliosikia habari hizo waliamini kuwa hiyo ndiyo kadi ya kwanza ya Mantle. Sivyo. Kadi yake ya kwanza ilitoka mwaka mmoja kabla, 1951, katika seti ya kampuni ya Bowman, ikiwa na namba 253. Mantle aliingia Yankees msimu huo huo wa 1951. Ile ya Topps iliyouzwa kwa mamilioni ni ya mwaka wake wa pili.

Tofauti hiyo ya mwaka mmoja huenda isimshughulishe mtazamaji wa kawaida, lakini kwa mkusanyaji ina maana kubwa. Katika biashara ya kadi za besiboli hakuna sifa inayopandisha bei haraka kama kuitwa "kadi ya chipukizi", yaani kadi inayomtambulisha mchezaji anapoanza safari yake katika Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani. Vilevile hakuna sifa inayobandikwa ovyo kuliko hiyo. Muuzaji anayetaka kuondoa kadi mikononi mwake huiita ya chipukizi, hata kama mchezaji aliyepigwa picha alikuwa na misimu mitatu uwanjani, au alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari.

Kadi hizi zilianza katika karne ya 19 kama zawadi ndani ya pakiti za sigara. Baadaye zikahamia kwenye peremende na chingamu, na kadi ikawa chambo cha kumvuta mtoto dukani. Mnunuzi hakujua atakutana na nani ndani ya pakiti, na hapo ndipo ulipokuwa utamu wake. Msomaji wetu aliyewahi kubandika picha za Panini kwenye albamu ya Kombe la Dunia anaifahamu hali hiyo.

Kwa miongo mingi watoto hawakujali kama kadi ni ya kwanza au ya tano. Walizibadilishana, wakazifunga kwa mipira ya plastiki, na mama zao wakazitupa. Dhana kwamba kadi ya mwanzo ina thamani kupita zinazofuata ilishika nguvu hasa katika miaka ya 1980, wakati kukusanya kadi kulipogeuka biashara ya watu wazima. Jarida la kila mwezi la bei lililoanzishwa na James Beckett mwaka 1984 ndilo lililosambaza mazoea ya kuandika herufi RC pembeni ya jina la mchezaji. Herufi hizo mbili zilitosha kuitenga kadi moja na nyingine zote za mtu yule yule.

Mara herufi zilipoanza kuleta fedha, ikalazimu kueleza zinastahili kuwekwa wapi. Kanuni iliyokubaliwa na wakusanyaji wengi wakati huo ilikuwa na masharti yanayotegemeana. Kadi iwe katika seti ya kawaida ya kampuni yenye kibali. Seti hiyo iwe imesambazwa nchi nzima, isiwe ya mji au mkoa mmoja. Iwe imeuzwa kwa umma katika pakiti, madukani, ambako mtoto yeyote angeweza kuipata. Na uwe ndio mwaka wa kwanza mchezaji huyo kuonekana katika seti za namna hiyo.

Ikumbukwe kuwa kanuni haikudai kadi iwe moja tu. Kampuni nne zikimtoa mchezaji kwa mara ya kwanza katika mwaka mmoja, kadi zote nne ni za chipukizi. Kwa hiyo anayesema anayo "kadi ya chipukizi" ya fulani aulizwe ni ya kampuni gani.

Mfano ulio wazi ni wa Ken Griffey Jr. Mwaka 1989 alitolewa na Donruss, Fleer, Bowman na wengineo, na kila moja ya kadi hizo inatimiza masharti. Lakini inayotajwa popote ni ya Upper Deck, kampuni iliyokuwa ndiyo kwanza inaingia sokoni mwaka huo kwa karatasi bora na hologramu ya kuzuia kughushi, ikampa kijana huyo namba 1 kabla hajacheza mchezo hata mmoja wa Ligi Kuu. Kofia anayoonekana nayo pichani haikuwa ya Seattle Mariners. Ilikuwa ya timu ya ligi za chini, ikapakwa rangi ili ifanane na ya Mariners. Makumi ya maelfu ya kadi hiyo yamepelekwa kwa wakaguzi kupangiwa daraja, kwa hiyo si adimu hata kidogo. Inapendwa tu.

Masharti haya yanaonekana mepesi hadi yanapokutana na watu halisi. Tuanze na Babe Ruth, pengine mchezaji maarufu kuliko wote katika historia ya mchezo huo. Mwaka 1914, akiwa na umri wa miaka 19, alionekana kwenye kadi iliyotolewa na gazeti la Baltimore News akiwa na timu ya Baltimore Orioles, ambayo wakati huo ilikuwa ya ligi ya chini. Julai mwaka huo aliuzwa kwa Boston Red Sox na kuingia Ligi Kuu. Kadi yake katika seti ya nchi nzima ilitoka 1916, ikiwa na namba 151, katika seti iliyohusishwa na gazeti la michezo la The Sporting News.

Kwa kanuni, kadi ya chipukizi ya Ruth ni hiyo ya 1916. Ile ya Baltimore ni ya kabla ya uchipukizi: ni ya mji mmoja na ni ya ligi ya chini. Hata hivyo, Desemba 2023 kadi ya Baltimore iliuzwa kwa dola milioni 7.2. Hapo wapo wanaosema soko limeipindua kanuni. Mwandishi huyu haoni hivyo. Nakala zinazojulikana za kadi hiyo ni chache mno, na uchache wake unatosha kueleza bei yake bila kuipa jina lisilo lake.

Jackie Robinson anatuletea tatizo la aina nyingine. Tarehe 15 Aprili 1947 alivaa jezi ya Brooklyn Dodgers na kuvunja ubaguzi uliokuwa umewafungia Wamarekani weusi mlango wa Ligi Kuu kwa zaidi ya nusu karne. Tukio lilikuwa kubwa, lakini mwaka ule hakukuwa na kampuni yoyote ya chingamu iliyotoa seti ya nchi nzima. Kadi zake za 1947 zilitolewa pamoja na mikate ya Bond Bread. Mwaka 1948 Bowman walianza kwa seti ya kadi 48 tu, na Robinson hakuwamo.

Ndipo ikaja seti ya kampuni ya Leaf, ambayo kwa miaka mingi vitabu vya bei viliiandika ya 1948 kwa kuwa mwaka huo unaonekana nyuma ya kadi nyingi kama tarehe ya hakimiliki. Wachunguzi wengi sasa wanaamini kuwa seti hiyo ilisambazwa 1949, mwaka ule ule ambao Bowman nao walimtoa Robinson kwa namba 50. Kama ndivyo, basi Leaf haina utangulizi wowote juu ya Bowman, na zote mbili ni kadi za chipukizi zilizotoka karibu miaka miwili baada ya chipukizi mwenyewe kuwa shujaa wa taifa. Mabishano hayo juu ya mwaka mmoja uliochapishwa kwa herufi ndogo yamedumu kwa miongo, na wenye kadi za Leaf hawana haraka ya kuyamaliza.

Miaka ya 1980 ilizua ugomvi mwingine, safari hii juu ya namna kadi ilivyouzwa. Kampuni zilianza kutoa seti ndogo za ziada mwishoni mwa msimu, zikiwaonyesha wachezaji waliohama timu na wale waliochomoza katikati ya mwaka. Seti hizo hazikuwekwa kwenye pakiti. Ziliuzwa zikiwa kamili ndani ya boksi, kupitia wafanyabiashara wa kadi. Kwa kuwa sharti la pakiti halikutimizwa, jarida la Beckett halikuzipa RC. Liliongeza herufi moja mbele, zikawa XRC.

Cal Ripken Jr. ndiye anayetajwa zaidi katika mjadala huu. Katika seti ya kawaida ya Topps ya 1982 yumo kwenye kadi namba 21, lakini amebanwa pamoja na wachezaji wengine wawili wa Baltimore, Bob Bonner na Jeff Schneider, chini ya kichwa cha nyota wa baadaye. Katika seti ya ziada ya Topps ya mwaka huo huo yuko peke yake, namba 98T. Kanuni inasema ya kwanza ndiyo ya chipukizi halisi. Wanunuzi wamekuwa wakilipa zaidi, tena kwa mbali, kwa ile ya pili.

Roger Clemens na Kirby Puckett walikutana na hali kama hiyo. Wote walianza kucheza Ligi Kuu Mei 1984, na wote wamo katika seti ya ziada ya Fleer ya mwaka huo, yenye kadi 132 zilizouzwa ndani ya boksi. Kadi zao za pakiti zilitoka 1985. Kwa hiyo mkusanyaji anayefuata kanuni bila kuyumba anapaswa kuamini kuwa Clemens alikuwa chipukizi mwaka aliokuwa tayari ana msimu mzima nyuma yake. Kwa maoni yetu hapa kanuni ilijikwaa. Sharti la pakiti lilibuniwa kulinda haki ya mtoto wa dukani, si kukana kwamba kadi iliyochapishwa 1984 ilitangulia ya 1985. Herufi ile ya X iliwekwa kwa uaminifu, lakini iliwafanya wanunuzi wageni wadhani kadi hizo zina kasoro.

Mark McGwire alitolewa na Topps mwaka 1985, namba 401, akiwa amevaa jezi ya timu ya Marekani iliyoshiriki Olimpiki ya Los Angeles ya 1984. Mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ilikuwa Agosti 1986, na kadi zake akiwa na Oakland zilienea 1987. Hata hivyo, kadi ya 1985 ilikuwa katika seti ya kawaida, ya nchi nzima, ndani ya pakiti. Masharti yote ya usambazaji yalitimia. Kilichokosekana ni mchezaji kuwa mchezaji wa Ligi Kuu. Wakusanyaji wengi waliikubali kuwa ya chipukizi.

Alipopiga homurani 70 (mapigo yanayoupeleka mpira nje ya uwanja) mwaka 1998 na kuvunja rekodi, bei ya kadi hiyo ilipaa. Januari 2010 alikiri kuwa alitumia dawa za kuongeza nguvu. Kufikia wakati huo bei ilikuwa imeshuka siku nyingi.

Mfano wa McGwire ulifungua mlango ambao kampuni hazikutaka kuufunga. Kama mtu asiyecheza Ligi Kuu anaweza kuwa na kadi ya chipukizi, kwa nini kungoja? Katika miaka ya 1990 kampuni zilishindana kuwachapisha vijana waliochaguliwa na timu wakiwa wametoka tu shuleni. Seti ya Bowman ya 1992, chapa ambayo Topps waliinunua 1956 na kuifufua 1989, ilijaa vijana waliopigwa picha wakiwa na mavazi ya nyumbani. Mmoja wao alikuwa Mariano Rivera, ambaye baadaye akawa mtu wa kwanza kuchaguliwa kwa kura zote kuingia Jumba la Mashujaa huko Cooperstown.

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Brien Taylor alikuwa kijana wa kwanza kabisa kuchaguliwa mwaka 1991, Yankees wakamlipa dola milioni 1.55 kwa kutia saini, na Topps wakamtoa 1992. Aliumia bega Desemba 1993 na hakucheza mchezo hata mmoja wa Ligi Kuu. Kadi zake zilinunuliwa kwa matumaini makubwa na zimebaki kwenye maboksi ya watu wengi ambao leo ni wazee.

Hali hiyo iliwachosha wanunuzi, na chama cha wachezaji kikaona kwamba wanachama wake wanapofika Ligi Kuu hawana tena kadi ya kushangiliwa, kwani ilishatoka miaka mitatu au minne nyuma. Kuanzia 2006, kwa makubaliano ya chama hicho na ligi, mchezaji haruhusiwi kuwekwa katika seti ya msingi mpaka awe amefika kwenye kikosi cha Ligi Kuu. Akifika, kadi zake za mwaka huo huwekewa nembo rasmi ya kadi ya chipukizi. Vijana wa ligi za chini wanaweza kuchapishwa, lakini kama kadi za nyongeza zenye hesabu yake.

Mwaka wa kwanza wa kanuni hiyo haukupita bila sinema. Topps walimweka Alex Gordon wa Kansas City katika seti yao ya 2006, namba 297, ilhali hakuwa amecheza Ligi Kuu. Alianza Aprili 2007. Kampuni ilijaribu kuiondoa kadi hiyo, na baadhi ya nakala zilitoka zikiwa zimekatwa tundu kubwa katikati. Zilizoponyoka zikawa zinatafutwa kama lulu, kwa sababu tu hazikupaswa kuwapo.

Aidha kulikuwa na wachezaji walionaswa kati ya mifumo miwili. Justin Verlander alikuwa na kadi zilizotambuliwa kuwa za chipukizi mwaka 2005. Mwaka 2006 akawekewa nembo mpya kama vile za nyuma hazikuwahi kuwapo. Kwa mtu kama huyo, anayeuliza kadi ipi ni halisi atapata majibu mawili, na yote yana ushahidi.

Hata hivyo, nembo haikumaliza mjadala, iliuhamisha. Mike Trout, aliyechaguliwa na Los Angeles Angels mwaka 2009, alitolewa mwaka huo huo na Bowman kama kijana anayetarajiwa, baadhi ya kadi zikiwa na saini yake. Alianza Ligi Kuu Julai 2011, na kadi yake yenye nembo rasmi ilitoka katika seti ya Topps Update ya mwaka huo, namba US175. Agosti 2020, kadi ya 2009 yenye saini, ambayo ilichapishwa nakala moja tu, iliuzwa kwa takriban dola milioni 3.9. Wakati huo ilikuwa rekodi ya dunia.

Magazeti mengi yaliiita kadi ya chipukizi ya Trout. Kwa kanuni ya 2006 si hivyo hata kidogo. Bowman wenyewe wamekuwa wakiziwekea kadi za namna hiyo alama ya kuonyesha kuwa ni ya kwanza kwa chapa yao, na soko limezoea kuzilipia zaidi ya kadi za nembo. Tunaona ni busara kutenganisha maswali mawili ambayo wauzaji wanapenda kuyachanganya: kadi ipi ilitangulia, na kadi ipi ni ya chipukizi. Kwa Trout, iliyotangulia ni ya 2009, ya chipukizi ni ya 2011. Mnunuzi anaweza kuipenda yoyote, mradi ajue analipia nini.

Wachezaji kutoka Japani wanapimwa kwa kipimo hicho hicho. Ichiro Suzuki alikuwa na kadi za nchini kwake tangu 1993 na Shohei Ohtani tangu 2013, lakini kwa hesabu ya Marekani kadi zao za chipukizi ni za 2001 na 2018, miaka waliyoingia Ligi Kuu. Mkusanyaji wa Tokyo ana kila sababu ya kukataa hesabu hiyo.

Suala la kibali nalo halijaisha. Panini, kampuni ile ile ya Italia ya picha za Kombe la Dunia, ilinunua chapa ya Donruss 2009 na kuendelea kutoa kadi za besiboli kwa kibali cha chama cha wachezaji, bila kibali cha ligi. Ndiyo maana jezi katika kadi hizo hazina nembo za timu. Kwa wakusanyaji wengi upungufu huo unatosha kuzishusha hadhi, hata zikiwa zimetoka mwaka sahihi. Topps, iliyonunuliwa na kampuni ya Fanatics Januari 2022, ndiyo iliyobaki na majina na nembo zote mbili.

Kwa anayetaka kununua, mengi hujulikana kwa kuigeuza kadi. Mwaka wa hakimiliki huandikwa nyuma, kwa herufi ndogo sana, na takwimu za misimu iliyopita huonyesha kama mchezaji alishacheza Ligi Kuu. Namba ya kadi husema iwapo ni ya seti ya msingi au ya nyongeza: namba yenye herufi mbele ni dalili ya kuuliza zaidi, ingawa si hukumu, kwani hata US175 ya Trout ina herufi na ni halali kabisa. Nakala zilizochapishwa upya kwa kumbukumbu, hasa za Mantle ya 1952, zipo nyingi na huuzwa kihalali, lakini kadi kuukuu iliyowekwa ndani ya plastiki na muuzaji asiyejulikana inaweza kuwa moja ya hizo. Kampuni za kupanga daraja, kama PSA iliyoanzishwa 1991, huandika mwaka na seti kwenye lebo. Daraja la 10 husema kadi ni safi. Halisemi kwamba ni ya chipukizi.

Hatua ya karibuni imetoka kwa ligi yenyewe. Tangu msimu wa 2023, kila mchezaji anayecheza mechi yake ya kwanza huvaa kiraka maalumu begani. Baada ya mechi kiraka hubanduliwa, huwekwa ndani ya kadi moja tu, na kadi hiyo hutupwa miongoni mwa pakiti kama nyingine. Kiraka cha Paul Skenes, mrushaji wa Pittsburgh Pirates aliyeanza Mei 2024, kiliangukia pakiti ya mtoto wa miaka 11 wa California. Pirates waliahidi kumpa mwenye kadi tiketi mbili za msimu kwa miaka 30, pamoja na zawadi nyingine. Familia haikukubali. Machi 2025 kadi hiyo iliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.11.